Unga au Mafuta?

Mwezi wa nane mwaka 1992 nilipata kibarua cha kuhesabu magunia katika uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Nilikuwa na miaka 26, na kazi yangu bandarini Kilindini ilikuwa leo ipo, kesho haipo. Jirani yetu wa Kibokoni aliniambia kuwa kuna Wamarekani wameshuka na ndege za kijeshi, wanapeleka chakula Somalia, na wanatafuta makarani wanaosoma Kiingereza na kuhesabu bila kukosea. Nilikwenda asubuhi ile ile. Nilishuka matatu Magongo, nikamalizia njia kwa miguu hadi langoni ili nibaki na nauli ya kurudia.

Ndege zilikuwa C-130, zile za mapangaboi manne na tumbo linalofunguka kwa nyuma kama mdomo wa chewa. Wajerumani nao walikuja na zao, Transall. Makuli walishusha magunia kutoka kwenye malori wakayapanga juu ya machaga, askari wakayafunga kwa nyavu, na mimi nikasimama pembeni na daftari langu, jua likiniunguza utosi. Mahindi, mtama, maharage, mchele. Kila gunia lilikuwa na picha ya mikono miwili inayopeana salamu, na maandishi ya kusema kwamba hii ni zawadi ya watu wa Marekani, haiuzwi. Mwanzo mizigo ilikwenda Wajir kwa wakimbizi waliokwisha kuvuka mpaka, kisha ikaanza kwenda Baidoa, Bardera na Beledweyne. Nilirudi nyumbani kila jioni nikinuka mafuta ya ndege. Mamangu alizifua nguo zangu peke yake, mbali na za wengine, na hakuchoka kuniuliza: "Wewe wahesabu chakula au wahesabu mafuta?"

Kwake ulikuwa mzaha. Barazani haukuwa mzaha.

Tulikuwa tukikaa baada ya isha kwenye baraza ya mawe karibu na muuza kahawa, dele lake likitoa moshi, redio ndogo katikati yetu. Wasemaji wakubwa walikuwa watatu. Mwalimu wa jiografia wa shule moja ya sekondari, mtu mwembamba aliyependa kuchora ramani sakafuni kwa kijiti. Dereva wa lori aliyekuwa akienda Garissa na Liboi, ambaye alijua bei ya kila kitu. Na mzee mmoja mkimbizi kutoka Barawa, fundi wa kudarizi kofia, aliyefika Mombasa kwa jahazi baada ya mji wake kuporwa mara mbili na makundi mawili tofauti. Tulimwita Ami. Alikuwa akilala kambini Utange lakini jioni alishuka mjini, kwa sababu, alisema, kambini hakuna kahawa na hakuna mtu wa kubishana naye. Alisema Chimwini, Kiswahili cha kwao, na siku za kwanza vijana walikicheka. Kisha tukagundua kuwa nusu ya maneno yaliyotuchekesha yalikuwa ya bibi zetu, tumeyasahau sisi.

Swali lilikuwa moja: hawa watu wamekuja kufanya nini?

Mwalimu hakuwa na shaka. Vita vya Kuwait vilikuwa bado vibichi kichwani mwa kila mtu. Iraq iliingia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na pipa la mafuta lililokuwa chini ya dola 20 lilikaribia 40 kufikia Oktoba. Sisi wa pwani tuliuona mgogoro huo kwenye nauli kabla ya kuusikia kwenye habari. Iraq na Kuwait zikiwekwa pamoja zilikuwa na kama sehemu ya tano ya akiba ya mafuta inayojulikana duniani. Marekani ikapeleka zaidi ya askari nusu milioni. James Baker, waziri wake wa mambo ya nje, alipoulizwa sababu, alijibu kuwa ni ajira za Wamarekani. "Mtu mwenyewe amesema," mwalimu alikuwa akituambia, "ninyi mwamtafutia udhuru wa nini?" Kwake yeye, jeshi lile lile haliwezi kwenda Kuwait kwa mafuta mwaka 1991 kisha mwaka 1992 likaamka na huruma. Akachora pembe ya Afrika sakafuni, akachomeka kijiti chake karibu na Garowe. "Hapa pana kitu."

Dereva alimcheka. "Pale pana ngamia, mwalimu. Nimepita." Yeye alikuwa na nadharia yake. Novemba ile Rais Bush alishindwa uchaguzi na Clinton, na mtu anayehama nyumba, alisema, hutaka majirani wabaki wakimsifu. Picha za watoto wa Baidoa zilikuwa kila siku kwenye televisheni. Kura zimekwisha, aibu imebaki, basi toa jeshi. Sikuliona kuwa wazo baya, na hata leo sioni.

Ami alisikiliza sana kabla ya kusema. Aliposema alitupeleka nyuma, Januari 1991. Wiki ile ambayo Mogadishu ilikuwa ikiwaka moto na rais wa Somalia, Siad Barre, akikaribia kukimbia, helikopta za Marekani zilitua kwenye ubalozi wao, zikachukua watu 281, akiwemo hata balozi wa Kisovieti, zikaondoka. Meli zilizozituma zilikuwa upande wa Oman, zikingoja vita vya Kuwait, na vita vyenyewe vikaanza tarehe 17 mwezi huo huo. "Walikuwa mlangoni petu na jeshi lao zima," Ami alisema. "Wakatoa watu wao, wakenda kwenye mafuta. Sasa mwaniambia wamerudi kwa mafuta? Kama kwetu kungelikuwa na mafuta ya kuwatosha, wasingeliondoka."

Nakumbuka kimya kilichofuata. Hoja ile ilikuwa nzito kuliko kijiti cha mwalimu.

Desemba mambo yakaenda mbio. Tarehe 3 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 794 la kuruhusu nguvu za kijeshi. Smith Hempstone, balozi wa Marekani Nairobi, mtu wa maneno makali tuliyemzoea tangu enzi za kudai vyama vingi, aliionya serikali yake kuwa kama iliipenda Beirut basi Mogadishu itaipendeza zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 wanamaji wakatoka majini kwenye ufuo wa Mogadishu, nyuso zimepakwa rangi nyeusi, wakakuta waandishi wa habari wamewatangulia na taa zao. Tuliyatazama hayo kwa jirani mwenye televisheni, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Dereva alishindwa kujizuia. "Harusi hii," alisema. "Bwana harusi ndiye aliyechelewa."

Kwetu uwanjani kazi ilizidi. Sitaki mtu anayesoma haya adhani kwamba chakula kile kilikuwa kiini macho. Nilikihesabu. Marubani walirudi kutoka Baidoa wakiwa hawana la kusema, na mmoja, kijana mdogo mwenye madoadoa usoni, alikaa juu ya chaga tupu akalia mbele ya makuli, wala hakujificha. Kuli mmoja alimpa sigara. Nilijua pia kuwa magunia mengine hayakufika mbali, kwa sababu niliyakuta ya alama ile ile ya mikono miwili yakiuzwa Kongowea, na nilipolitaja jambo hilo kwa mkubwa mmoja pale kazini niliambiwa nihesabu yanayoingia kwenye ndege, yasiyoingia hayanihusu. Nikanyamaza, kwani nilihitaji mshahara. Kama mtu angeniuliza siku ile nipo pale kwa huruma au kwa pesa, ningejibu huruma, na nisingekuwa nimesema uongo mtupu.

Barua ilifika Machi 1993. Mwalimu alikuwa na mdogo wake Los Angeles, na ndani ya bahasha alimwekea kipande cha gazeti la Los Angeles Times la tarehe 18 Januari. Mwalimu alikisoma barazani kwa Kiingereza, kisha akakifasiri sentensi kwa sentensi, polepole, kama anayesoma hukumu. Habari ilisema kuwa karibu theluthi mbili ya ardhi ya Somalia iligawiwa kampuni nne za mafuta za Marekani, Conoco, Amoco, Chevron na Phillips, miaka ya mwisho ya Siad Barre. Wataalamu wa Benki ya Dunia waliiweka Somalia, pamoja na Sudan, juu kabisa kati ya nchi za Afrika zinazotarajiwa kuwa wauzaji wapya wa mafuta. Tena ilisema kuwa Conoco ndiyo kampuni kubwa pekee iliyoendelea kuwa na ofisi inayofanya kazi Mogadishu wakati wote wa vita, na kwamba siku chache kabla ya wanamaji kutua, ofisi hiyo ilifanywa kuwa kama ubalozi wa Marekani, akikaa humo mjumbe wa Bush, Robert Oakley. Serikali na kampuni walikana kuwa mafuta ndiyo sababu. Ilikuwa nyumba tu, walisema. Ubalozi wenyewe ulikuwa umeporwa hadi milango.

Mwalimu alikunja karatasi akatutazama mmoja mmoja. Hakuhitaji kusema neno.

Ami ndiye aliyeharibu ushindi wake. Aliuliza: "Katika nyumba zote za Mogadishu, ngapi zilikuwa na taa?" Mwalimu akasema hajui. "Basi," Ami akasema, "mgeni huingia kwenye nyumba yenye taa. Suala si kwa nini aliingia pale. Suala ni kwa nini ile tu ndiyo iliyokuwa na taa, na sisi sote gizani."

Kwa miaka mingi nilidhani maneno yale ni ujanja wa mzee anayependa kushinda mjadala. Siku hizi naona alikuwa ameligusa lililotupita sote, na ili nilieleze lazima nirudi nyuma kuliko Ami.

Mwaka 1980 nilikuwa na miaka 14. Januari ile Rais Carter wa Marekani alilitangazia bunge lake kuwa taifa lolote la nje litakalojaribu kuitwaa Ghuba ya Uajemi litazuiwa hata kwa nguvu za kijeshi. Sisi watoto wa Mombasa hatukujua habari za Carter. Tulichojua ni kwamba manowari zimeongezeka. Katika mwaka huo Marekani ilipatana na nchi tatu ili meli na ndege zake zipate pa kutia nanga na kutua: Oman, Kenya na Somalia. Yaani Masirah, Mombasa na Berbera. Walisaidia hata kuchimba kina cha mlango wa bandari yetu ili meli zao kubwa zipite. Manowari ikitia nanga, mabaharia wangemwagika barabara ya Kilindini kwa maelfu. Mjomba wangu mwenye teksi alikuwa akiota kuja kwao. Bei ya vinyago ilipanda asubuhi kabla meli haijaonekana. Nasi tulikuwa na majonzi yetu: mwaka huo huo baharia wa Kimarekani alimwua mwanamke mjini kwetu, na mahakama ikamwachilia kwa dhamana ya shilingi 500 na sharti la mwenendo mwema kwa miaka miwili. Shilingi 500. Mji mzima uliitaja bei hiyo kwa muda mrefu.

Ile ndiyo sababu ya mafuta, na tulikuwa tumeikanyaga kwa miguu yetu. Barazani tulikesha tukiuliza kuna mafuta kiasi gani chini ya Garowe, ilhali mafuta yaliyoifikisha Marekani Somalia hayakuwa ya Somalia hata kidogo. Yalikuwa ya Ghuba, yakipita baharini ndani ya matangi ya meli za watu wengine. Kwa ajili ya Berbera, Siad Barre alifanywa rafiki baada ya Warusi kuondoka. Kwa ajili ya Berbera alipewa silaha, na mwaka 1988, wakati ndege zake zikiupiga mabomu mji wa Hargeisa, mji wa raia wake mwenyewe, shehena ya bunduki za Marekani ilishushwa bandarini Berbera. Vita Baridi vilipokwisha, Berbera haikuwa na kazi tena, na rafiki naye akawa hana kazi. Nchi iliyobaki ilikuwa imejaa bunduki na haina serikali, na njaa ikaingia humo. Kisha zikaja C-130, na mimi na daftari langu.

Kwa hiyo, walikuja kwa unga au kwa mafuta? Mwaka 1992 naamini walikuja kwa unga, na kwa televisheni, na kidogo kwa Bush kutaka jina jema. Ila miaka kumi na miwili kabla ya hapo walikuja kwa mafuta, na sioni jinsi ya kuzitenganisha safari hizo mbili. Mwalimu alikosea kisima. Sidhani kama alikosea harufu.

Yaliyofuata mnayajua. Juni 1993 waliuawa askari 24 wa Pakistan waliokuwa wakilinda amani huko. Julai helikopta za Marekani zililipiga nyumba moja Mogadishu katika kumsaka mbabe wa vita Aidid, na umati wenye hasira ukawaua waandishi wanne waliokwenda kuona, wawili wao Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia. Oktoba zikaanguka helikopta mbili, wakafa Wamarekani 18, na nadharia zote za barazani zikafa nao, maana tangu hapo swali likageuka: wanaondoka lini? Tarehe 14 Machi 1994, siku chache kabla ya kumaliza kuondoka, ndege moja ya kijeshi ya aina ile ile ya C-130, iliyogeuzwa kubeba mizinga, ilianguka baharini karibu na Malindi, wakafa watu 8. Kibarua changu kilikwisha bila barua wala mkono wa kwaheri.

Ami alipata nafasi ya kuhamishiwa Marekani katikati ya miaka ya tisini, wakati kambi za Mombasa zikifungwa na Wabarawa wengi wakichukuliwa. Akaenda Atlanta. Alinipigia simu mara moja, akalalamika juu ya baridi na juu ya kahawa yao, akaniuliza kama mwalimu bado yu hai na bado anachora.

Mwalimu nilikutana naye tena mwishoni mwa mwaka 2011, kwenye matanga Bondeni. Oktoba ile jeshi letu lilikuwa limeingia Somalia. Watalii walikuwa wametekwa Kiwayu na Manda, hoteli za Lamu zimefungwa, na serikali ilisema tunakwenda kulinda mpaka. Vijana waliokaa nasi kwenye jamvi walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini, kwa heshima ya wafiwa: ni usalama kweli, au ni bandari ya Kismayo, au ni mafuta ya baharini? Nikajikuta nimeingia kati na kuwajibu kwa ukali. Nikasema watu wametekwa, watu wameuawa, nchi ina haki ya kujilinda, acheni kutafuta mafuta kila mahali. Nilikuwa nasema kweli. Lakini niliisikia sauti yangu, na ilikuwa sauti ya wale waliokana katika kipande cha gazeti.

Mwalimu alitabasamu. Akaniambia kwamba mwaka 1992 mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema mafuta, kabla yake. Nikakataa kabisa. Nakumbuka waziwazi kuwa nilikuwa upande wa Ami. Akasema la, wewe ulitoka uwanjani ukinuka mafuta ya ndege, ukaketi, ukasema wale watu hawatumii mafuta yote yale bila ya kutarajia mengine. Nimelifikiria neno hilo kwa miaka. Linafanana na mimi. Huenda ni kweli nililisema, na nikaligeuza baadaye nilipoona kuwa Ami ndiye aliyeshinda.

Vita vya 2011 navyo vilikuwa na mambo yake. Kismayo ilichukuliwa mwaka 2012, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika kuwa mkaa uliopigwa marufuku uliendelea kusafirishwa kutoka pale, tena kwa wingi zaidi. Mwaka 2014 Somalia ilitupeleka mahakama ya kimataifa The Hague juu ya mpaka wa bahari, pembetatu ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000 inayodhaniwa kuwa na mafuta na gesi. Hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021, sehemu kubwa ikawa yao. Kenya ikaikataa. Siku ile nilimpigia simu mwalimu, naye akajibu kabla sijasalimu: "Hapa pana kitu."

Hiyo ni miaka ishirini na tisa tangu nilipohesabu gunia langu la kwanza, na katika muda huo wote Somalia haikuuza pipa hata moja lililotoka kwenye ardhi yake.

Wajukuu wangu sasa wanabishana juu ya Waturuki, nao hawahitaji kungoja barua kutoka Los Angeles, maana tarehe zote zinasomeka. Mkataba wa ulinzi kati ya Uturuki na Somalia ulitiwa saini Februari 2024. Mkataba wa mafuta na gesi ulitiwa saini Machi. Oktoba meli ya utafiti, Oruç Reis, ikafika Mogadishu, ikisindikizwa na manowari.